Mwalimu Mwinyimadi na Watani wa Langoni

Hasira yangu haijapoa, hata kama mnaniambia kila siku kwamba bwana harusi mpya kama mimi hanuni. Nanuna. Mwalimu Mwinyimadi Mwinyijuma anastaafu Jumamosi, tarehe 2 Aprili, 1955, baada ya kukitumikia chuo chetu cha ualimu hapa Kisarawe kwa miaka ishirini na sita, na zawadi aliyopewa na Kamati ya Nidhamu katika mwezi wake wa mwisho ni barua ya onyo. Jarida hili ni la chama chetu sisi walimu, si la Kamati. Kwa hiyo nitaandika.

Alifika mwaka 1929, kijana kutoka Kibaha, kuja kufundisha hesabu. Aliifundisha vizuri, na wako walimu wakuu leo ambao bado wanaogopa kukosea kugawanya mbele yake. Lakini kazi aliyoipenda zaidi ni ile ambayo hakutumwa na mtu: kuwapokea wanafunzi wapya. Aliona mapema kwamba kijana akiuvuka mwezi wa kwanza atamaliza chuo, na anayeshindwa hushindwa mwezi huohuo, polepole, bila kusema, mpaka wakubwa wakute kitanda kitupu.

Dawa aliitoa katika mila zetu wenyewe: utani wa makabila. Jioni ya kufungua chuo alikuwa akisimama langoni, anamwuliza kila mgeni kabila lake, kisha anamwita mtani wake kutoka darasa la juu. Mzaramo alipewa Mnyamwezi, Mngoni alipewa Mhehe. Kazi ya kwanza ya mtani ilikuwa kunyakua sanduku la mgeni na kukimbia nalo. Mgeni amfukuze! Wanapita kisimani, jikoni, madarasani, mpaka bwenini, na kijana aliyeshuka kwenye lori na machozi machoni sasa anahema na kucheka, na njia zote za chuo anazijua.

Sanduku langu mimi lilinyakuliwa na Mnyamwezi mwenye miguu kama ya mbuni, huku akipiga kelele, "Mzaramo, leo nguo zako zinalala Tabora!" Leo ni shemeji yangu. Dada yake, Tatu wangu, nuru ya macho yangu, yuko jikoni anakoroga uji ninapoandika haya, na anaimba, na sauti yake, jamani, ingewezekana ningeibandika hapa kwenye karatasi mkaisikia. Kila nikimtazama namshukuru Mungu, kisha namshukuru Mwalimu Mwinyimadi.

Lakini sanduku lilikuwa mchezo tu. Akili yenyewe ilikuja baadaye. Mwezi mzima, kila jioni baada ya chakula, mtani alimwendea mgeni wake kumchokoza, na mgeni alipaswa kujibu. Akijibu kwa ukali, vizuri. Akijibu upuuzi, vizuri vilevile. Akinyamaza, mtani alikuwa na amri moja: amwambie Mwalimu. "Asiyemjibu mtani wake ana jambo," ndivyo alivyozoea kusema. Kesho yake ungemwona yule mgeni katika shamba la chuo, anapalilia mihogo bega kwa bega na Mwalimu, na kabla tuta halijaisha jambo limetoka: mama mgonjwa, au upweke, au kuchekwa darasani.

Januari hii Kamati ilipita mabwenini ikasikia vijana wanaitana, Wanyamwezi "wapagazi", Wazaramo "wacheza ngoma". Ikaamua kwamba ni matusi na uonevu, na utani ukapigwa marufuku. Baada ya wiki mbili mabweni yalikuwa kimya kabisa, na Kamati ikatutangazia kwamba sasa nidhamu imepatikana. Nidhamu! Wamo humo watu waliozaliwa papa hapa Uzaramo, wanaojua kwamba msibani asipofika mtani hata maiti hununa, nao wakausikia ukimya wa vijana wageni wakaupigia makofi!

Ndani ya ukimya huo alikuwemo Zahoro, kijana wa Kizaramo wa Chole, hii ya huku kwetu bara, si ile ya Mafia. Hakuna aliyemchokoza, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba hajibu. Wiki ya tatu kitanda chake kilikuwa kitupu. Sheria yetu mnaijua: asiyerudi katika wiki mbili, nafasi yake anapewa mwingine. Kamati ikasema aliyetoroka katoroka. Mwalimu Mwinyimadi alikwenda kumfuata. Alimchukua Isihaka, Mnyamwezi wa mwaka wa pili, wakapanda lori la mbao mpaka Maneromango, kisha wakatembea kwa miguu mpaka Chole. Isihaka ndiye aliyenisimulia.

Walimkuta mama yake Zahoro, Bi Swaumu, anapepeta mpunga uani. Mwalimu akabaki nyuma. Isihaka akashika kichwa, akaangua kilio mlangoni.

"Hodi! Nimekuja kuzika! Mzaramo wangu amekufa, hajibu! Nionyesheni maiti niioshe, na ubwabwa wa matanga uko wapi?"

Ndani kimya. Bi Swaumu, ambaye utani ameukuta duniani, akadakia bila kuuweka ungo chini: "Maiti imo chumbani, mwanangu. Tangu juzi imemaliza vyungu viwili vya ugali."

Kisha sauti nyembamba ikatoka ndani: "Mama, mwambie huyo mpagazi atue kwanza mzigo wa watu. Maiti ya Kizaramo haioshwi na jasho la Tabora."

"Amefufuka!" Isihaka akaruka. Zahoro akatoka anacheka, na alipomwona Mwalimu akalia. Jambo lake lilikuwa Kiingereza. Masomo yote yalikuwa yanampita, hashiki hata nusu, naye akadhani ni yeye peke yake.

"Peke yako?" Isihaka akamwambia. "Mimi mwaka jana niliulizwa jina langu nikaitikia 'yes, bwana'."

Walirudi siku ya mwisho kabla nafasi haijapotea. Kamati ikampokea Zahoro, maana sheria yake yenyewe iliibana, halafu ikamwandikia Mwalimu onyo kwa kusafiri bila ruhusa na kuchochea matusi. Onyo! Kwa mtu huyu! Nilikwenda kwake nikamwuliza kama ataijibu barua ile. Alicheka.

"Salehe, anayejibiwa ni mtani. Hawa si watani wangu."

Mimi pia si mtani wa Kamati, lakini najibu. Januari ijayo nitasimama langoni pale aliposimama yeye, na nitamwuliza kila mgeni kabila lake. Walimu wenzangu watatu wamekwisha kuniahidi kwamba watakuwa nami, na Zahoro ameomba awe wa kwanza kunyakua sanduku. Amri haijaondolewa, najua. Karatasi za onyo bado zipo nyingi, basi waziandike.

Mwalimu wetu, shikamoo. Tunakushukuru kwa kila kijana aliyetaka kuondoka akabaki, nami zaidi, kwa nyumba yangu yenye uji na nyimbo. Nenda salama Kibaha. Mihogo yako istawi, usingizi wako uwe mtamu, na asikuamshe mtu kwa kengele tena.

Ila watani hawajakuacha. Tatu anasema yeye ni Mnyamwezi na wewe ni Mzaramo, kwa hiyo jogoo wako mmoja ni wake kwa haki. Kabla Aprili haijaisha, na kabla Ramadhani haijaandama, tutafika kwako sisi wawili, pamoja na Isihaka na Zahoro. Ukiona mtu anakimbia na jogoo kuelekea barabara ya Morogoro, mfukuze. Tukikuchokoza, jibu. Ukinyamaza, Mwalimu, tutashika majembe tupalilie nawe mpaka useme.