Jedwali Lisilo na Mwenyewe

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka langu la fotokopi, mkabala na bomba la mtaa. Seremala tunamwita Msumari, maana akishikilia neno hang'oki. Kinyozi ni Profesa, cheo alichojipa mwenyewe. Kahawa ni ya Shangazi, na anaichemsha kwa maji ya bomba hilohilo lililougawa mtaa: wapo wanaotaka dawa ya kuua vijidudu iendelee kutiwa, wapo wanaoapa kwamba dawa yenyewe ndiyo sumu. Asubuhi hiyo nilikuwa na balaa. Kila upande ulikuwa umeniletea ripoti ya wataalamu wake nitoe nakala, nami nikaziangusha zote mbili sakafuni zikachanganyika, kurasa hazina namba. Mchana ndio mkutano wa kuamua. Nikatoka na lundo langu benchini, nikaanza kusoma kwa sauti ili tuzitenganishe.

— "Baadhi ya wakazi wanadai kuumwa tumbo."

— Hiyo ni ya wanaotaka dawa, alisema Profesa bila hata kufikiri. Ukiandikwa unadai, ujue hujaaminiwa.

— "Wakazi wamethibitisha kuumwa tumbo."

— Ya wapinzani. Weka kule.

"Kiasi kidogo mno cha dawa" ikaja huku. "Kemikali imepenya hadi ndoo za familia" ikaenda kule. Lundo likaisha kabla kahawa haijapoa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga maabara.

— Ni vanishi, alisema Msumari. Ubao uleule, mmoja anaupaka nyeusi, mwingine anaupaka ya dhahabu.

Profesa akaona mfano huo ni mdogo. Akatuambia huko kwa wataalamu kuna chumba cha maneno, na mtafiti hapewi neno la kuandika mpaka aseme anamwandikia nani. Msumari akaongeza kuwa chumba hicho lazima kina mlinzi. Shangazi, aliyekuwa anasuuza vikombe, akawapita wote.

— Mimi naona maji yenyewe yanasikia. Yakiitwa sumu, yanakuwa sumu.

Tulicheka, lakini si sana.

Zilikuwa zimebaki karatasi mbili za tarakimu tupu, jedwali la vipimo, moja ya kila ripoti. Nikaziweka sambamba kwenye goti. Tukazikagua mstari kwa mstari. Zilikuwa sawa, nukta kwa nukta. Mwili ulinisisimka, sioni haya kusema. Maneno yote yale, ugomvi wote ule, na chini yake kitu kimoja kimetulia tu, hakina upande.

— Kumbe walipima maji yaleyale, alisema Msumari polepole, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kushikilia.

Hapo akafika mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, mtoto mgongoni, ndoo mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Naona ripoti za maji mmezisoma zote. Mwanangu ndio kwanza ameacha ziwa. Nimpe maji haya, au nisimpe?

Profesa alinigeukia mimi. Mimi nikatazama jedwali. Lilisema dawa ni kiasi gani, basi. Birika la Shangazi lilikuwa bado zito kwa kahawa, lakini hakuna aliyenyoosha kikombe. Yule mama akaendelea kusimama, anatungoja.