Nukta Nyekundu za Alhamisi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka karani wa takwimu wa hospitali, mama wa watoto wawili, aliyetutoka wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na moja. Wenzake walimwita Bi Nukta.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu wagonjwa waliopasuliwa kisha vidonda vyao vikaoza. Kila mwezi jibu lilikuwa lile lile: wachache tu, hali ya kawaida. Roho yake haikutulia. Akachukua karatasi ya miraba, akapanga siku za wiki chini, na kila kidonda kilichooza akakiwekea nukta nyekundu juu ya siku mgonjwa aliyopasuliwa. Jumatatu, mbili. Jumanne, moja. Alhamisi, kumi na tisa, zimerundikana kama nzi juu ya uchafu.

Alhamisi, wasikilizaji. Kumi na tisa.

Akashuka chumba cha kusafishia vyombo vya upasuaji. Mashine ya mvuke, ile inayoua vijidudu, ilikuwa imezimwa. Kila Alhamisi ilipumzishwa. Mikasi ilikuwa imelowekwa kwenye ndoo ya maji ya kahawia, utando wa damu ukielea juu. Harufu ilikuwa ya nyama iliyooza. Alitapika pale pale.

"Mama hakugusa nyama mwezi mzima," anasema binti yake. "Lakini aliniambia, mwanangu, ile ndoo ina nafuu kuliko yule bwana mkubwa."

Bwana mkubwa ni mkurugenzi. Alipoletewa mchoro, alicheka.

"Mama, unatisha watu bure. Changanya siku zote, nichoree mstari mmoja wa wastani. Wakaguzi wanakuja kesho."

"Na hawa kumi na tisa niwaweke wapi?"

"Wazamishe humo humo, ndani ya mstari."

Alikataa. Karani mwingine akachora. Kesho yake mstari wa kijani, laini kama siagi, ukabandikwa ukutani. Bi Nukta aliutazama kwa kinyaa, akabandika wake kando, wakaguzi wakiona.

Mmoja akauliza, "Kwani Alhamisi kuna nini?"

Bi Nukta akawaongoza hadi kwenye ile ndoo.

Mashine ikawashwa siku zote saba. Nukta za Alhamisi zikashuka hadi mbili. Bi Nukta akatupwa stoo ya mashuka mpaka alipostaafu. Mkurugenzi? Akapandishwa cheo. Ndiyo, cheo! Hata mate yananiwia machungu nikilisema.

Juzi msibani likaja shada kubwa la maua kutoka kwa bwana huyo. Kaka wa marehemu akalirudisha kwenye gari lililolileta, akamwambia dereva: "Mwambie bosi wako, dada yangu hakupenda mapambo."

Poleni sana, wanawe. Pole, kaka. Nawe unayenisikiliza, ukionyeshwa mstari ulionyooka vizuri, uliza ni nani waliozamishwa ndani yake.