Upepo Ndani ya Kanisa

WAVINYA: Haloo? Nani mwenzangu?

MULEI: Ni yule mchekeshaji.

WAVINYA: Baba! Hii ni namba ya nani?

MULEI: Ya Musyimi, jirani. Ama madairekta wa Nairobi siku hizi hawapokei simu za kwetu Kikima?

WAVINYA: Napokea. Umeshindaje?

MULEI: Nimeshinda nikisoma gazeti. Filamu yako imesifiwa. Hongera.

WAVINYA: Baba, hao wahakiki—

MULEI: Tulia nisome. “Mzee anayeigiza mchungaji ni kipaji adimu. Analilia jeneza tupu, kisha anakosea jina la marehemu. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu.” Mbavu, Wavinya! Nimehubiri maisha yangu yote, kumbe nachekesha.

WAVINYA: Hawakujua.

MULEI: Wangejuaje? Marehemu wa filamu ni Kaluki. Mimi nikasema—

WAVINYA: Ulisema Nduku. Jina la mama.

[Simu inakwaruza.]

MULEI: Network mbaya.

WAVINYA: Siku tuliyomzika mama hukuomba. Ulikaa tu kwa kiti, hata amina hukusema.

MULEI: Ndio ukanitafutia nafasi nyingine ya kuomba, na watu wakakata tiketi. Una huruma wewe.

WAVINYA: Nilikupa sentensi mbili tu! Wewe ukaomba, ukaomba—

MULEI: Na wewe hukusema “kata”. Si ndiyo kazi uliyosomea?

WAVINYA: Ndiyo.

MULEI: Jumamosi mnaionyesha hapa kanisani. Hawa walimjua Nduku. Nao watavunjika mbavu?

WAVINYA: Naitoa hiyo sehemu. Leo leo. Hawataiona.

MULEI: Ngoja, sifa hazijaisha. “Kasoro ni moja: wakati wa maombi kamera inatetemeka, kama imeshikwa na mwanagenzi.” Nani huyo mwanagenzi?

WAVINYA: Musyoka wa kamera alikuwa ameenda kula.

MULEI: Sijauliza nani alienda kula.

WAVINYA: Mimi.

MULEI: Na ilitetemeka kwa nini?

WAVINYA: Upepo, baba.

MULEI: Ndani ya kanisa. Na madirisha mliyafunga kwa sababu ya kelele za soko.

[Wavinya anavuta kamasi.]

MULEI: Wavinya.

WAVINYA: Eeh.

MULEI: Usiitoe.

WAVINYA: Na wakicheka?

MULEI: Wacheke. Si wamelipa? Wewe Jumamosi ukae karibu na mimi, huo upepo unaweza kurudi te— Haloo? Haloo? ... Musyimi! Mtu mzima na simu yake, kredo ya kupiga hana!