Mkunga Aliyelala Kitandani Kuangalia Picha

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mkunga mkuu wa wodi yetu ya wazazi anastaafu. Sisi tunamwita Mama Nyundo, kwa sababu ya nyundo iliyokaa daima kwenye droo ya meza yake.

Alianza kama mkunga wa zamu, akapanda hadi kuongoza wodi. Wakunga aliowafundisha wametapakaa kila mahali. Lakini ukiwauliza habari zake, wataanza na picha.

Zamani chumba cha kujifungulia kilikuwa na picha moja: mjamzito amelala katikati ya maua, macho ameyafumba. Mama Nyundo alitaka kujua wazazi wanaionaje. Akavua viatu, akapanda kitandani, akalala chali kama wao. Mzazi aliyekuwa akitembeatembea kusubiri uchungu akachungulia, akamuuliza, dada, huyo wa kwenye picha alipona kweli? Siku hiyohiyo picha ikashushwa.

Tangu hapo nyundo ikakaa kwenye droo yake, na hakuna picha iliyopigiwa msumari kabla hajaitazama akiwa kitandani, na wazazi wenyewe wakawa waamuzi. Picha za watoto wanono peke yao walizikataa. Mtoto tunamwona, walisema, mama yake yuko wapi?

Kisha ukaja mchoro wa mwanamke aliyechuchumaa, jasho linamtoka, ameng'ang'ania mkono wa dada yake, anakutazama kwa macho makavu. Uongozi wa hospitali ukasema ni aibu, uondolewe. Mama Nyundo hakubishana. Aliwaomba wakubwa waje walale pale, mmoja mmoja, ndipo waamue. Mhasibu alikataa katakata. Mganga mkuu alipanda na viatu vyake, akafokewa, akavivua. Akalala chali, akautazama. Alipoinuka aliuliza kama mchoraji ana mwingine wa namna ile.

Mke wangu, aliyetutoka mwaka jana, alimzaa binti yetu mbele ya mchoro huo. Alinisimulia kwamba uchungu ulipozidi, alishindana na yule mwanamke nani atapepesa macho kwanza. Alisema alishinda yeye. Mimi ndiye fundi seremala wa hospitali niliyeutengenezea fremu, na sijawahi kulipwa vizuri zaidi.

Mama Nyundo, ahsante. Ulale usingizi usiokatizwa na zamu, uwafaidi wajukuu, afya ikuandame. Mchoro wako haushuki. Ila ukichoka kukaa nyumbani, pita: chumba cha pili cha kujifungulia kina michoro miwili, wazazi hawajakubaliana upi upigiwe msumari, na kitanda tumekitandika.