Maziwa Niliyotia Jichoni

Wanajumuiya wenzangu, amani iwe nanyi. Mke wangu amekaa pale karibu na mlango, na ameniruhusu niseme. Nikikosea atanirekebisha, mnamjua.

Wengi mmesikia vijana wa bodaboda wakiniita Mzee Vimeng'enya. Nimekuwa nikicheka nao, lakini jina lile linaniuma. Leo nawaeleza lilikotoka.

Nilisoma mpaka kidato cha nne. Mengi ya baiolojia yamenitoka, lakini somo moja lilibaki: kwamba machozi, mate na maziwa vina vimeng'enya, vitu vya asili vidogo mno, na baadhi yake hupigana na vijidudu. Ndiyo sababu mojawapo maziwa mabichi hayaharibiki mara tu yakishakamuliwa, na vumbi la kila siku halituozeshi macho. Ndugu zangu, hilo ni kweli mpaka leo. Sikusema uongo. Nilikuwa na nusu ya ukweli, nikaitembeza kijijini kama ukweli mzima.

Siku moja asubuhi tulikuwa uani tunapiga maharage. Kipande cha ganda kikaruka, kikamchoma mke wangu jicho la kushoto. Likaanza kutiririka machozi, na jioni likawa jekundu. Akasema, "Kesho nipande pikipiki, niende hospitali."

Nikamwambia barabara yetu anaijua, mvua imeichimba, ataumia zaidi. Nikaenda kwa ng'ombe, nikakamua kidogo kwenye kikombe, nikamlaza mkekani na kumdondoshea maziwa jichoni yakiwa bado na joto. Mama zetu walifanya hivyo, na mimi nilikuwa na neno la shule la kuwatetea. Nikamweleza habari za vimeng'enya.

Akauliza, "Si umesema hata machozi yanavyo?"

"Yanavyo."

"Basi jicho langu linalia tangu asubuhi. Kama vingetosha, lingekuwa limeanza kutulia. Maziwa ya nini tena?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Wewe uliishia darasa la saba."

Wapendwa, sentensi hiyo naijutia kuliko maziwa yenyewe. Baada ya hapo hakuuliza tena. Asubuhi na jioni alilala mwenyewe mkekani, akafumbua jicho, nikamtilia. Mimi nikadhani amenielewa. Kumbe alikuwa amenyamaza tu.

Siku zikapita. Asubuhi moja akanimiminia chai. Ikaangukia mezani, kando ya kikombe, naye akaendelea kumimina.

"Imejaa?" akauliza.

Chai ilikuwa inanichuruzika magotini. Nikamtazama usoni. Jicho la kulia, lile zima, alikuwa amelifumba, maana mwanga ukiliingia, lile bovu liliuma. La kushoto lilikuwa wazi, lina utando mweupe.

Nikakimbilia kwa jirani yetu, mama ambaye naye yupo hapa leo. Alikuja akijifunga kanga. "Shemeji," akasema, "leo vimeng'enya vimekwenda likizo?" Mwenye pikipiki aliyekuja kumchukua mke wangu akasikia, na jina langu likaanzia hapo. Yule mama akampakata mgonjwa kwenye pikipiki njia nzima, mimi nikafuata na nyingine.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee, vimeng'enya vimo kweli. Ila vya machozi ni kama walinzi wa mlangoni, na lile ganda lilikuwa limeshabomoa ukuta. Maziwa nayo yamepita kwenye chuchu ya ng'ombe, mkononi mwako na kwenye kikombe. Yanabeba vijidudu vingine. Mngekuja mapema, pengine tungeliokoa."

Jicho la kushoto halioni tena. La kulia linaona, namshukuru Mungu.

Tuliporudi nyumbani tulizungumza habari za kuni na chumvi, basi. Nilikaa katika hali hiyo muda mrefu. Nilikula sisikii ladha, na jumuiya niliiacha, maana niliogopa macho yenu. Hatimaye nikamwomba msamaha, tukiwa njiani kutoka shambani. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Uwe unatembea kushoto kwangu. Upande huo sioni pikipiki zikija."

Hapo ndipo niliposimama tena, ndugu zangu.

Nakushukuru, jirani, kwa mikono yako na hata kwa utani wako. Nawashukuru waliotulimia migomba tukiwa hospitali, na nyote mliokuja kunigongea mlango nilipojificha. Mwenyezi Mungu awalipe.

Nawaachia neno moja. Mwili una kinga yake, aliyeuumba aliiweka. Lakini jicho likichomwa, msilitie maziwa, wala mate, wala maneno ya mzee aliyesoma. Mpelekeni mtu hospitali siku ile ile. Na mgonjwa akikuuliza swali, hata kama aliishia darasa la saba, lijibu kwanza.

Nimemaliza. Naomba mnipishe nirudi pale mlangoni, nikae kushoto kwake.