Maisha ya Mapopa Luhanga, Mwalimu wa Kuandika Tovuti kwa Mkono

Wafiwa wenzetu, wazee wa kanisa, walimu na wanafunzi mliotoka Mzuzu, familia imemwomba dada wa marehemu, Esnath NyaLuhanga, huyu mnayemwona mbele yenu, awasomee maisha ya mdogo wake, kwa kuwa ndiye aliyekaa naye mwishoni, na akikosea tarehe mumwie radhi, hajalala.

Marehemu Mapopa Luhanga alizaliwa tarehe 9 Agosti 1979 hapa Bolero, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Yesaya Luhanga na Bi Rozi NyaGondwe, na katika hao wanne sasa amebaki dada yake peke yake. Alianza shule ya msingi hapa hapa mwaka 1986, akamaliza sekondari ya misheni mwaka 1998, kisha akaenda Blantyre kusomea kompyuta, akapata stashahada Novemba 2001.

Tarehe 3 Februari 2003 aliajiriwa na chuo cha ufundi mjini Mzuzu kufundisha utengenezaji wa tovuti, na kila aliyepita mikononi mwake anajua kwamba muhula wa kwanza hakuruhusu mtu kugusa kompyuta, mwanafunzi aliandika msimbo wa ukurasa mzima, yaani maagizo yanayoijenga tovuti, kwa kalamu, alama kwa alama, ndipo akauchapa mwenyewe. Zilipokuja programu zinazoandika msimbo zenyewe, unaziambia unachotaka nazo zinakujazia ukurasa, walimu wenzake walizipokea, wanafunzi wao wakamaliza haraka, na wengine wakapata kazi kabla ya wa kwake, hilo ni kweli na familia haitalificha. Mwanafunzi wake Vitumbiko, ambaye yupo hapa, alimwambia mbele ya darasa, "Mwalimu, wenzetu wameshavuka daraja, sisi bado tunasokota kamba." Marehemu akamjibu, "Vuka, bwana. Likikatika ukiwa katikati utamwita nani, daraja?"

Tarehe 14 Oktoba 2006 alifunga ndoa na Towera NyaMunthali, wakajaliwa watoto wawili, Wanangwa, aliye kidato cha nne, na Tiwonge, aliye darasa la sita.

Machi 2022 chaki ilianza kumponyoka, sisi tukadhani ni uchovu, dada yake akamwambia ale vizuri na alale mapema. Tarehe 11 Agosti mwaka huohuo, huko Lilongwe, daktari alieleza kwamba mishipa inayoamrisha misuli inakufa, kwamba ingeanza mikono, ifuate miguu, kisha ulimi, na dawa haipo. Dada yake aliuliza familia ifanye nini, daktari akasema, "Mama, mkae naye." Ndicho tulichofanya, hatukuwa na kingine.

Mwishoni mwa 2023, mikono ikiwa imeshakufa yote, chuo kiliamua kwamba somo lake lifundishwe kwa programu hizo, akaachiwa darasa moja la mwisho, na tangu hapo hakutaka kitu kingine ila kuwamalizia wanafunzi hao masomo yao kwa njia yake kabla ya mtihani wa Juni. Vitumbiko alimletea kompyuta yenye programu hiyo, afanye kazi bila mikono, akakataa, na dada yake, ambaye alikuwa na sima mkononi, akamwambia, "Kubali, mdogo wangu. Mbona sima nakulisha na hulalamiki?" Alicheka mpaka akapaliwa, akasema, "Sima nikilishwa nashiba mimi, NyaLuhanga. Hicho kikiandika, anashiba nani?" Hata hivyo aliijaribu, akaisoma kazi yake alasiri nzima akitafuta kosa, hakuliona, akasema, "Kinajua," kisha akaomba kizimwe.

Kuanzia Januari 2024 dada yake akawa mkono wake, marehemu akitamka naye akiandika kwenye karatasi, alama moja moja, bila kujua hata moja inafanya kazi gani, na alipouliza kwa nini mstari huu umeingia ndani kuliko ule alielezwa, akasahau, kwa sababu maharage yalikuwa motoni. Marehemu akamtania, "Wewe ni programu mbovu, dada, lakini angalau unauliza."

Tarehe 29 Aprili sauti ilikatika, somo la kumi na nne likiwa nusu, katikati ya mstari. Dada yake alibaki na kalamu, yeye aliyeandika masomo kumi na matatu kwa mkono wake, na hakuweza kuongeza hata alama moja. Vitumbiko alisema programu inaweza kulimalizia kwa dakika moja, tukamwomba mwalimu afumbe macho kama amekubali, akafumba, na hatukujua kama amekubali au amechoka. Kesho yake tulimuuliza tena, akatutazama tu. Alifariki nyumbani tarehe 23 Mei, alfajiri, mkewe akiwa amemshika.

Ninyi wanafunzi kumi na tisa, mtihani wenu ni mwezi ujao na somo lenu limebaki vile lilivyo, mlimalize wenyewe au mashine iwamalizie, familia haina la kuwaambia, tungekuwa nalo tungesema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake waliomsukuma kwenye kiti mpaka darasani, majirani walioleta kuni na unga bila kuombwa, na kanisa.

Pumzika kwa amani, Mapopa, macho umeyafumba, na safari hii hatukuulizi kitu.