Mablanketi Matatu, Ndugu Saba

Benchi la mbele ya duka la Fundi cherehani ni la watu wanne, lakini asubuhi hiyo lilibeba watatu na kelele za watu kumi. Fundi mwenyewe alikaa katikati, mkasi mapajani, kahawa ikimpoa mkononi. Kulia kwake alikaa Desimali, mwalimu mstaafu wa hesabu, na kushoto Pancha, mziba matairi, mtu ambaye tangu azaliwe hajakutana na jambo asilolijua. Ndani ya duka, kwenye mfuko, yalikuwamo mablanketi matatu ya marehemu mama yake Fundi. Watoto aliowaacha ni saba. Siku ya kugawana vitu vyake walifokeana mpaka majirani wakatoka nje, na dada yao mkubwa akakata maneno: Fundi ayakate, kila mtu apate sawasawa, la sivyo yeye hakanyagi tena kwa mtu. Alasiri hiyo ndugu wote walikuwa wanakuja. Fundi aliogopa, na wala hakuona haya kusema kwamba anaogopa.

— Nikikosea upana wa kidole tu, sina ndugu tena, alisema. Jana nimeyapiga pasi, nikayatazama mpaka macho yakauma. Hata pa kuanzia sipaoni. Na pembeni yamejaa nyuzi nyekundu zilizokatika, sijui nani aliyatia viraka vibaya vile. Hizo nitazikata kwanza.

— Tatizo liko wapi? Pancha akadakia. Kila blanketi kata vipande saba, kila mtu chukua vitatu. Kwisha! Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

— Mkono umeingiaje hapa?

— Umeshika mkasi, Fundi.

— Vipande vyembamba hivyo ni mitandio, Pancha. Dada anataka cha kujifunika.

Desimali alikohoa. Kikohozi chake wanakijua: somo limeanza.

— Wamisri wa kale walishamaliza jambo hili. Wao mafungu yao karibu yote yalikuwa na moja juu, namba nyingine chini. Nusu. Theluthi. Robo. Moja ya tano. Na katika hesabu moja hawakurudia fungu lile lile. Ukitaka tatu ya saba, yaani matatu kwa watu saba, unaijenga kwa mafungu hayo, kubwa na dogo.

— Kwa nini wajitese?

— Ili kila mtu apate vipande vinavyofanana na vya mwenzake. Hakuna wa kusema changu kidogo. Wanaweka juu ya vya jirani, wanaona wenyewe.

Hapo Fundi akageuka mzima mzima. Maneno hayo ndiyo aliyokuwa anayatafuta tangu msiba.

— Unaanzaje, Mwalimu?

— Kwa ulafi.

— Enhee! Pancha akapiga paja. Hapo sasa tunaongea.

— Unachukua fungu kubwa kuliko yote linaloweza kumfikia kila mtu. Kikibaki kitu, unachukua tena kubwa linaloingia humo. Hivyo hivyo mpaka kiishe. Na kitaisha tu, hakina pa kukimbilia.

Fundi akaleta magazeti matatu ya zamani, akayafanya ndiyo mablanketi. Nusu haikuwezekana, maana magazeti matatu yanatoa nusu sita na watu ni saba. Basi theluthi. Akakata tisa, akagawa saba, zikabaki mbili. Uso ukamng'aa. Theluthi ya blanketi mtu anajifunika mabega na anamshukuru Mungu.

— Endelea na ulafi, Desimali akamwambia. Sasa fungu kubwa linaloingia ni moja ya kumi na moja.

— Ya ngapi?

— Kumi na moja. Kata.

Fundi akapima, akafuta, akapima tena. Jasho lilimtoka kuliko siku za kushona sare za shule. Kila ndugu wa gazeti akapata kipande chake cha pili.

— Na kilichobaki?

Desimali akatazama juu, midomo ikimchezacheza.

— Kila mtu anapata moja ya mia mbili thelathini na moja.

 Hata muuza kahawa aliyekuwa akiwamiminia alisimamisha birika.

— Ya blanketi? Fundi akauliza kwa sauti ndogo.

— Ya blanketi. Kama kiganja hivi.

— Nimpe dada yangu mkubwa kiganja cha blanketi?

— Haba na haba hujaza kibaba, Pancha akamfariji. Atafutia miwani.

— Ulafi ndio ulivyo, Desimali alisema taratibu, na safari hii hakuwa anafundisha. Ukibeba kubwa mno mwanzoni, mwishoni unagombania makombo. Tungeanza na robo, tukaja moja ya saba, tungemalizia na moja ya ishirini na nane. Hiyo angalau ni mto.

— Mimi naona Wamisri walijenga makaburi yale makubwa kwa sababu hii hii, Pancha akasema. Mtu amegawa blanketi, ndugu wamemjia juu, akatafuta mahali pa kujificha penye mawe mengi.

Fundi alicheka, kisha machozi yakamjia, akainama kuokota magazeti. Alipoinuka akamkuta mdogo wake wa kike wa mwisho, kitinda mimba wao, amesimama mbele yake na pochi kifuani. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ile.

— Shikamoo, kaka.

— Marahaba. Mbona mapema, mdogo wangu?

— Nimekuja kuhakiki unavyopima.

Maneno yalimchoma, lakini alimwonyesha yote: theluthi, vipande vya kumi na moja, kiganja. Kitinda mimba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

— Lakini tulikuwa saba tangu zamani, na mablanketi yalikuwa haya haya matatu. Mama alikuwa anatufunikaje?

 

Fundi aliingia ndani, akatoka na mfuko. Akayatandaza mablanketi mapajani ubavu kwa ubavu, na nyuzi nyekundu za hili zikakutana na nyuzi nyekundu za lile, tundu kwa tundu, mpaka la tatu.

— Aliyaunga, alisema. Havikuwa viraka. Lilikuwa moja, tukalala chini yake kwa upana. Mimi mwisho, karibu na mlango, nusu ndani nusu nje.

— Na mimi?

— Wewe katikati. Kila usiku.

Mdogo wake alifunika uso kwa mikono.

— Mwalimu, Fundi akasema, na likiwa moja, watu saba?

— Moja ya saba, Desimali akajibu. Hiyo tayari ina moja juu. Hapo hata Mmisri hakati.

Muuza kahawa akainamisha birika, halikutoa tone. Pancha akasogea, kitinda mimba akakaa. Fundi akauweka mkasi chini ya benchi, akampa mdogo wake sindano.

— Nitungie uzi, macho yangu hayaoni vizuri. Ule mwekundu.